Treni ya kwenda kwenye theluji: maswali mnayoniuliza kila siku tangu nirudi Mtwara

Jamani kuchele. Tangu nirudi mwezi wa tatu mwaka jana sijapumua, nikienda sokoni naulizwa, msibani naulizwa, juzi kwenye foleni ya AMCOS (chama chetu cha ushirika cha wakulima) mzee mmoja kanishika mkono kabisa "binti, ni kweli treni inapanda mlima yenyewe?" Sasa nimeamua kuyaandika yote hapa mara moja, anayeuliza tena namtumia hii. Mie sio wakala, sipati komisheni kwa mtu. Mdogo wangu anasoma Zürich, ndo alinialika, nikakaa wiki mbili na nusu na humo ndani nikapanda treni siku tano. Ninayoyajua ni hayo, na mengine nilisoma maana nikipenda kitu nakichimba.

Ulienda wapi hasa?

Zermatt, kusini mwa Uswisi, karibu kabisa na mpaka wa Italia. Ni kakijiji kenye wenyeji wasiofika elfu sita lakini watalii wanaojaa pale usiombe. Kako mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na juu yake umesimama mlima Matterhorn, mita 4,478. Kama huujui, ni ule uliokuwa kwenye boksi la chokoleti za Toblerone, waliutoa 2023 wakachora mlima mwingine tu kwa sababu sehemu ya utengenezaji ilihamia Slovakia na sheria za Uswisi haziruhusu utumie alama zao hivo. Mlima wetu Kilimanjaro una mita 5,895 kwahiyo kwa urefu tumewazidi mbali, ila sisi hatuna treni ya kwenda juu.

Gari za mafuta haziruhusiwi kuingia Zermatt. Mwenye gari anapaki kijiji cha chini kinaitwa Täsch, kilomita 5 hivi kabla, anamalizia na treni dakika 12. Ndani ya kijiji ni vigari vidogo vya umeme tu, vinakuja kimyakimya nyuma yako mpaka unashtuka. Mtu aliyezoea bodaboda za Mtwara ule ukimya unamtisha kidogo.

Hivi hakuna ya karibu karibu, lazima Ulaya?

Kuteleza kwenye theluji Afrika kupo, Lesotho kuna sehemu inaitwa Afriski, juu ya mita 3,000, msimu wao ni Juni mpaka Agosti hivi. Ila treni haifiki, unaenda na gari. Marekani ipo ya treni, inatoka Denver mjini mpaka Winter Park kama masaa mawili, inapita ndani ya handaki la Moffat la tangu 1928 lenye kilomita 10, ukitoka tu upande wa pili umeshafika, unashuka na skii zako (vile vibao virefu vya kutelezea) begani. Hiyo sijapanda.

Kama unachotaka ni dirisha na mandhari tu, wala usiende mbali. Panda TAZARA ikukatishe hifadhi ya Nyerere, au SGR ya Dar mpaka Dodoma iliyoanza 2024. Theluji hutaiona lakini utajua kama wewe ni mtu wa treni au la, maana kuna watu baada ya saa moja wanauliza tunafika lini, huyo asipoteze hela yake.

Kutoka Mtwara unafikaje huko?

Mtwara mpaka Dar kwa ndege au basi, mie nilienda na basi kwa ubahili wangu na nilijuta, maana ukifika Dar umeshachoka na safari yenyewe haijaanza. Dar huwa unaunganisha ndege mji mmoja katikati, Doha, Istanbul au Dubai, halafu Zürich. Sasa utamu unaanzia hapo. Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wa ndege wenyewe, unashuka na ngazi za umeme na begi lako, hakuna kugombana na teksi wala mpiga debe anayekuvuta mkono.

Kutoka pale mpaka Zermatt ni saa tatu na nusu hivi. Treni kubwa inakupeleka Bern, halafu Thun ambapo kuna ziwa la bluu mpaka unadhani wamelipaka rangi, halafu inaingia handaki la Lötschberg, lilifunguliwa 2007, urefu kilomita 34.6. Piga hesabu, ni kama kutoka Mtwara mjini unaingia chini ya ardhi unatokea umeshaipita Mikindani mbali sana. Siku niliyopita mie tuliingia handakini kwenye ukungu mzito na mvua ya kuudhi, tukatoka upande wa pili jua linawaka na milima imesimama pande zote mbili, behewa zima likanyamaza. Unashuka Visp, unahamia treni nyekundu ndogo, na hii ndogo ndo yenyewe.

Visp mpaka Zermatt ni kilomita kama 35 na inachukua saa moja na kitu. Bonde ni jembamba, mto uko chini yako, reli imening'inia ubavuni mwa mlima. Karibu na kijiji cha Randa utaona mlima una kovu kubwa jeupe na lundo la mawe chini yake, mwaka 1991 mlima ulimeguka pale ukafunika reli na barabara, ikabidi njia ijengwe upya pembeni. Mpaka tunafika tulikuwa tumepanda karibu mita elfu moja kwenda juu, na masikio yangu yalikuwa yanapiga pop pop kama bisi.

Viza wanatoa kweli kwa watu wa huku?

Wanatoa, ila wanataka karatasi. Ni viza ya Schengen, inakupa mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na usichelewe chini ya siku 15, na mie nasema anza miezi mitatu kabla, hizo siku 15 ni za kujitafutia presha. Bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000. Na alama za vidole unaenda kutoa mwenyewe, hutumi mtu.

Kinachowaangusha wengi wa huku kwetu ni stetimenti ya benki. Mkulima wa korosho hela yake inaingia kwa mkupuo msimu wa mnada halafu miezi kadhaa akaunti imelala, sasa mtu wa ubalozini akiona milioni zimeingia ghafla mara moja anahisi umekopeshwa za kuonyesha. Ambatisha karatasi za AMCOS za msimu huu na msimu uliopita, andika barua fupi ueleze kwamba hapa hela inakuja na korosho. Mie nina duka la vifaa vya shule lakini nina na mikorosho ya urithi, niliambatisha vyote, nikapata.

Na jamani msimpe wakala hela ya "kukusaidia" bila kujua anachofanya. Mmoja (simtaji) alinibukia siti ya treni tarehe ambayo mie ndo kwanza naondoka Dar, hela haikurudi. Tovuti za treni zina Kiingereza, ukiweza kununua mafuta ya bodaboda kwa simu na hii utaiweza.

Inagharimu shilingi ngapi?

Hapa ndo mnaponinunia. Uswisi hawatumii yuro, wanatumia faranga yao, na wakati wangu faranga 1 ilikuwa inacheza karibu na shilingi 3,000. Ukitembea na hesabu hiyo kichwani huli kitu. Chai ukiigeuza kuwa shilingi inakukaba kooni.

Usikate tiketi moja moja kama unazunguka. Wageni tunauziwa Swiss Travel Pass, iko ya siku 3, 4, 6, 8 na 15, unapanda treni, mabasi na meli za maziwani bila kulipa tena, na treni za milimani nyingi unapata punguzo, ile ya kupanda mlima Gornergrat nitakayoisema chini ni nusu bei. Kama safari zako ni chache kuna kadi ya nusu nauli ya mwezi mmoja. Kaa na kalamu upige hesabu zote mbili, kwangu mie ya pili ingetosha nikanunua ya kwanza kwa tamaa.

Maji usinunue, ya bomba yanakunywika na hata chemchemi za mitaani nyingi ni safi. Chakula nunua supamaketi. Kulala, tulilala hosteli vitanda sita chumba kimoja, mdogo wangu anakoroma, lakini hayo ni ya nyumbani.

Nasikia kuna Glacier Express, ndo lazima nipande hiyo?

Hapana. Ni nzuri, sitaki kudanganya, inatoka Zermatt mpaka St. Moritz karibu masaa 8, inapita madaraja 291 na mahandaki 91, inavuka mlima wa Oberalp mita 2,033 halafu kuna lile daraja la Landwasser lenye matao sita urefu wa mita 65 kwenda juu, treni inapinda juu ya daraja na inaingia moja kwa moja kwenye tundu la mwamba. Ilianza 1930 na wenyewe wanajisifu ndo ekspresi inayoenda polepole kuliko zote duniani. Mabasi yetu ya Dar wangejisifu kwa hilo zamani sana.

Ila nauli ya daraja la pili inazidi faranga 150, na juu yake siti lazima ubuku na unalipia tena hata kama una pass. Na vioo vyake vikubwa vile havifunguki, picha zako zote zitakuwa na sura yako na chupa ya soda. Siri ni hii: treni za kawaida za wenyeji zinapita kwenye reli ileile, milima ileile, hubuku siti, unashuka popote ukinywa chai unapanda inayofuata, na baadhi zina madirisha ya kushusha. Unabadili treni njiani, ndo tofauti. Halafu ile yenyewe kila mwaka inapumzika kuanzia katikati ya Oktoba mpaka karibu katikati ya Desemba, kuna mtu nilimjua alikata ndege ya Novemba kwa ajili yake.

Treni inapandaje mlima bila kuserereka kurudi nyuma?

Swali la mzee wa AMCOS hilo, na ndo swali nilopenda kuliko yote.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina utelezi, mwinuko ukizidi linazunguka hapohapo. Kwahiyo katikati ya reli mbili wameweka ya tatu yenye meno, na chini ya treni kuna gurudumu la meno linaloshikana nayo, kama sproketi na cheni ya pikipiki ila cheni ndo imelazwa chini. Ile ya Zermatt kwenda Gornergrat ni ya hivo njia nzima, ilifunguliwa 1898 na ilikuwa ya umeme tangu siku ya kwanza, ya kwanza ya aina hiyo Uswisi. Sehemu zenye mwinuko mkali zaidi kila mita 100 inapanda mita 20. Inakufikisha mita 3,089 kwa dakika 33 tu. Ikishuka mota zinageuka jenereta, umeme unarudi kwenye waya unasaidia inayopanda.

Nilivyorudi nikamhadithia babu yangu. Babu ana miaka tisini na kidogo, ujana wake alibeba mataruma kwenye ile reli ya mradi wa karanga, iliyokuwa inatoka hapa Mtwara mpaka Nachingwea na tawi la Masasi. Wadogo hamjui kama palikuwa na treni hapa. Karanga zilikufa mapema, reli ikaburuzwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa ikang'olewa. Nikamwonyesha picha zote, mlima, theluji, watu na miskii yao, akaangalia kimya, halafu akauliza kitu kimoja tu, "upana gani reli yao?" Sikujua. Nikampigia mdogo wangu palepale, akaangalia, mita moja kamili. Babu akacheka mpaka akakohoa, "basi si ileile yetu!" Na ni kweli, mita moja ndo kipimo cha reli ya zamani ya kati pia. Tangu siku hiyo akija mgeni anaambiwa Wazungu wanapanda mlima kwa reli kama ya Nachingwea.

Nikae upande gani?

Gornergrat kupanda kaa kulia, Matterhorn iko upande huo. Visp mpaka Zermatt kokote. Na kabla hujakata tiketi ya Gornergrat angalia kamera za moja kwa moja mtandaoni, maana siku ya mawingu utalipa hela yote uone ukuta mweupe. Tulisubiri siku mbili nzima tunakula mkate na jibini hosteli, ya tatu asubuhi ikafunguka tukakimbia. Stesheni yake iko ng'ambo ya barabara tu ukitoka stesheni kuu.

Ni kweli zinaondoka kwa dakika?

Kwa dakika kabisa, naomba mnielewe. Visp nilikuwa na dakika kama nane za kubadili, nikaona muda upo, nikasimama kupiga picha ya treni yenyewe nayotaka kuipanda, milango ikafunga mbele ya uso wangu, mdogo wangu yuko ndani ananipungia mkono. Baada ya muda ikaja nyingine, sio mwisho wa dunia, ila baridi ya platifomu niliila yote.

Na kingine, saa zao ni za kuhesabu mpaka 24. Ukiona 14:07 ni saa nane na dakika saba mchana kwetu. Mama mdogo alivyoniuliza tunafika saa ngapi nikamwambia 16, akasema sasa hiyo saa kumi na sita ni ya wapi. Kipindi cha baridi wako nyuma yetu masaa mawili.

Nguo nanunua wapi, Mtwara kuna makoti ya theluji?

Yapo tele! Nenda kwenye mitumba asubuhi wanapofungua belo, yale majaketi makubwa ya bodaboda wanayovaa alfajiri kinyumenyume ndo majaketi yenyewe ya kuskii, yametoka hukohuko. Langu nililipata kwa elfu kumi na tano na mfukoni nilikuta tiketi ya lifti ya mlimani ya mtu, nikasema wewe koti unarudi kwenu.

Chini usivae jinzi. Ikilowa inaganda inakuwa kama bati. Vaa suruali isiyopitisha maji na ndani yake nguo za kubana, soksi nene pea moja tu, ukijaza mbili mguu unabanwa damu haipiti na ndo unazidi kuganda. Glovu, kofia ya kufunika masikio. Miwani ya jua sio ya urembo, theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya ile miale ya jua inayounguza, macho yanaumia kweli. Na hata sisi weusi tunaungua, midomo yangu ilibabuka siku ya pili.

Baridi ikoje, kama Newala?

Mnanichekesha. Juu Gornergrat siku ile kibao kilisoma mainasi 11, jua linawaka. Hewa kavu, ngozi inapasuka, na mafuta ya nazi niliyobeba kwa mbwembwe yaliganda chupani kama mshumaa, nikawa nayalaza kwapani usiku ili asubuhi yatoke. Bebeni Vaselini. Ndani ya treni na nyumba ni joto la kulala na kanga, kwahiyo tatizo ni kuvua na kuvaa, kuvua na kuvaa, siku nzima.

Nina presha, naweza kwenda? Na mwenye selimundu?

Hapa sitanii. Sisi tunakaa usawa wa bahari, ukipanda mpaka mita 3,000 kwa nusu saa mwili haujazoea, hewa ni nyepesi, unaweza kuumwa kichwa, kichefuchefu, pumzi fupi. Mie nilipanda ngazi thelathini tu pale juu nikakaa chini. Lala kijijini usiku mmoja au miwili kwanza, kunywa maji mengi, ukijisikia vibaya panda treni ushuke, kushuka ndo dawa.

Mwenye presha au moyo amwone daktari kabla ya kulipa chochote. Mwenye selimundu zaidi sana, maana baridi, kukaukiwa maji na hewa nyepesi vyote vitatu vinaweza kuleta kraisisi (yale maumivu makali ya ghafla), na familia zetu nyingi huku tunao. Binamu yangu anayo, daktari wake alimkatalia kupanda juu, nikamwambia bonde na treni za chini zinatosha kabisa na mandhari ni yaleyale.

Lazima niteleze na skii?

Sio lazima hata kidogo, na nawaambia ukweli watu wengi mle kwenye treni hawatelezi, wamekuja kukaa dirishani na kunywa kitu cha moto. Wenyewe wanaoteleza treni kwao ni kama daladala, wanapanda juu, wanateleza chini, wanapanda tena, pasi yao ya kuskii inahesabu na treni hiyo humo humo.

Mie nilijaribu siku moja. Mabuti ya skii yanakufanya utembee kama roboti, mguu haukunji. Mwalimu anakuanzishia kwenye kamteremko ka watoto kenye zulia linalotembea linalokurudisha juu, anakufundisha kwanza kuanguka, halafu kusimama: ncha za mbele zikaribiane, nyuma upanue. Vitoto vya miaka minne vinakupita vinaimba. Nilianguka mara kumi na saba nikaacha kuhesabu. Njia zina rangi, bluu rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ni ya wenye roho ngumu, usidanganywe na shemeji yako akuambie nyekundu sio mbaya.

Kama unataka raha bila mateso kuna kibao cha kukalia unateremka nacho, kati ya stesheni mbili za treni ya Gornergrat, unashuka nacho ukifika chini unapanda treni tena. Hiyo nilirudia mara nne na nikapiga kelele kila mara.

Ukiteleza angalia bima. Ile ya viza mara nyingi haihesabu michezo ya theluji, na kubebwa na helikopta kwa kuvunjika mguu ni hela ya kununua Noah.

Chakula cha Muislamu kinapatikana?

Kinapatikana ukiwa macho. Fondue, lile jibini la kuyeyushwa la kuchovya mkate, kwa kawaida linapikwa na mvinyo mweupe na pombe ya cheri, wengi hawajui wanakula tu. Raclette ni jibini la kuyeyusha juu ya viazi, ila uliza kinachokuja pembeni maana sahani ya nyama kavu huchanganywa na nguruwe. Rösti ni viazi vya kukwaruza vya kukaanga, uliza tu kama hakuna vipande vya bekoni. Ukikwama kuna samaki. Nilikumbuka ming'oko na pweza mpaka nikaota.

Magharibi mwezi wa pili inaingia kama saa kumi na mbili, Desemba mapema zaidi, karibu saa kumi na moja. Nilisali stesheni pembeni kwenye kanga, hakuna aliyeniuliza kitu. Kuhusu kupaka maji juu ya soksi muulizeni ustadhi sio mie.

Nikivaa hijabu helmeti inaingia?

Ile nyepesi ya kuvuta inaingia. Mtandio wa kuzungusha hauingii.

Theluji ikizidi treni inasimama?

Mara chache, lakini inasimama. Januari 2018 theluji na hatari ya maporomoko vilifunga barabara na reli zote, watalii kama 13,000 wakabaki ndani Zermatt, wengine wakatolewa kwa helikopta. Kwa kawaida reli imejengewa paa za zege sehemu hatari ili theluji ipite juu, na kuna treni za kusukuma theluji usiku. Mtu wa Mtwara hili halimshangazi, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga tulikaa hivohivo, tofauti hatukuwa na helikopta wala jibini. Usipange ndege ya kurudi siku hiyohiyo unayotoka mlimani, lala Zürich usiku mmoja.

Watoto je?

Wapelekeni. Mzazi akiwa na Swiss Travel Pass mtoto chini ya miaka 16 anasafiri naye bure kwa kadi ya familia, unaiomba wakati unanunua, haiongezi bei. Ila diapa badilisheni kabla ya kupanda.

Simu na chaji?

Plagi zao ni pini tatu za mviringo, zetu za mraba haziingii, nunua adapta. Betri kwenye baridi inaisha ghafla, weka simu mfuko wa ndani karibu na mwili.

Nimpelekee nini mwenyeji wangu?

Korosho, kuna swali hapo? Nilipeleka za kukaanga zimefungwa vizuri kilo mbili. Nyama na maziwa kutoka kwetu ni marufuku kuingiza, msijaribu kubeba nyama kavu eti mdogo wako kaimisi, mie sikujaribu kwa sababu nilisoma kwanza. Tuligawana pakti moja na wamama wawili kwenye treni ya kushuka, mmoja akaniuliza zinaota chini ya ardhi kama karanga? Nikatumia nusu ya bonde zima kumchorea bibo na korosho yake inavyoning'inia chini, Matterhorn ikapita nyuma yetu sikuiona.

Koti lako naweza kuazima?

Limeshaazimwa. Liko Newala tangu mwezi wa sita na mwenyewe hapokei simu.